Ukuta, Mkono na Mdomo: Historia ya Michoro Mikubwa Inayosimulia

Mhadhara kwa wananchi, Bariadi, mkoani Simiyu



Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya kuta. Wengi wenu mmefika hapa kwa kupita katikati ya mji, na njiani mmeziona kuta zilizopakwa rangi. Huu una tangazo la simu, ule una chupa ya soda, ule wa mbele una mfuko wa saruji. Fundi rangi wetu kazi yake anaijua. Anapanda ngazi na kopo lake mkononi, anaandika herufi yenye kimo cha mtu mzima, na ukirudi nyuma hatua ishirini unaiona imenyooka kama imepigwa rula. Mikono tunayo, na kuta tunazo. Lakini katika kuta hizo zote, ni chache mno zinazomweleza mtoto wa Bariadi yeye ni nani na waliomtangulia walipita wapi.

Hoja yangu leo ni moja. Mchoro mkubwa unaosimulia kisa hukaa juu ya mafiga matatu: ukuta, mkono na mdomo. Ukuta ni mahali ambapo wanaohusika wote hukutana na mchoro. Mkono ni fundi. Mdomo ni yule anayekijua kisa na kukieleza mbele ya mchoro, kizazi hadi kizazi. Figa moja likiondoka, chungu kinamwagika. Na figa ambalo watu husahau kulitunza, huku kwetu na kwingineko duniani, ni hilo la tatu. Nitawapitisha katika historia ili mlione jambo hili wenyewe, kisha nitarudi hapa Simiyu na kusema tufanye nini.

Miamba ya Kondoa

Tuanzie upande wetu wa kusini-mashariki, Kondoa. Kwenye ngazi za Bonde la Ufa kuna miamba iliyoinama kama paa la baraza, na chini ya mapaa hayo watu wa kale walichora. Yapo mapango ya namna hiyo zaidi ya 150, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia. Michoro ya zamani zaidi ni ya rangi nyekundu: watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa, pofu, twiga, wawindaji. Juu yake, mahali pengine, wakulima waliokuja baadaye walichora kwa rangi nyeupe, mistari minene, wanyama wakubwa. Ukuta ni uleule, wenyeji wamebadilika, na kila waliofika wameacha neno lao.

Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikwenda Kondoa, akakaa akinakili michoro hiyo mmoja baada ya mwingine, kazi ambayo mwishowe ilitoka kitabuni mwaka 1983. Mmoja kati ya michoro ya Kolo, hukohuko Kondoa, unaonyesha watu watano. Wa katikati ameshikwa mikono, wawili wakimvuta huku na wawili wakimvuta kule. Leakey aliona kisa cha mwanamke anayetekwa, na ndugu zake wakipigana kumrudisha. Watafiti waliomfuata wakatazama watu walewale watano wakaona kitu kingine kabisa: ngoma ya kuponya, mganga akiwa amepandisha na wenzake wamemshika asianguke.

Nani kasema kweli? Rangi ingalipo, miamba haijaondoka, mkono wa fundi unaonekana hadi leo. Kilichotoweka ni mdomo. Waliojua kama yule ni mwanamke aliyetekwa au mganga aliyezidiwa wamekwisha, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza. Ndiyo maana nasema mchoro usio na msimulizi ni kama kaburi lisilo na jina: unajua kuna mtu humo, lakini humjui.

Jirani zetu wa karibu zaidi wana bahati kuliko hao. Ndani ya Serengeti, kwenye majabali ya Moru, kuna ngao zilizochorwa mwambani kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mtu yeyote aliyeishi na Wamasai akiziona anajua ni ngao, na anajua ni za nani, kwa sababu wenye ngao bado wapo na bado wanazungumza.

Nyumba ya Bayeye

Sasa tuingie nyumbani. Sisi Wasukuma husikia tukiambiwa kwamba hatukuwa na uchoraji, kwamba sanaa yetu ni ngoma na nyimbo tu. Anayesema hivyo hajui habari za Bayeye.

Wengi wenu mmewaona Bayeye wakicheza na nyoka uwanjani, chatu akiwa shingoni, watu wakirudi nyuma kwa hofu. Lakini uchezaji ule ni mlango tu. Nyuma yake kulikuwa na chama chenye mafunzo, chenye dawa za kuumwa na nyoka, chenye viapo na ngazi za uanachama. Wanachama wapya walifundishwa ndani ya nyumba maalumu, na kuta za nyumba hiyo kwa ndani zilijaa michoro: nyoka, wahenga, viumbe wa visa vya chama. Mwalimu alikuwa akimweka mwanafunzi mbele ya ukuta na kumweleza. Kila umbo lilikuwa na maana yake, na maana hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa kinywani mwa mkubwa wa chama.

Habari hizi tunazo kwa sababu mtu mmoja alizinakili kwa wakati. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya michoro ya Bayeye pamoja na maelezo yake, akaichapisha London mwaka 1953. Miaka mitatu baadaye alitoa kitabu kingine, hiki juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika katika unyago hapa Tanganyika, navyo vilifundishwa pamoja na nyimbo zake. Tazameni jambo hilo mara mbili. Ukuta una maelezo. Kinyago kina wimbo. Wazee wetu hawakuwahi kuweka kitu mbele ya macho ya mwanafunzi pasipo kumpa na neno la kwenda nacho.

Nyumba zile zilikuwa za udongo, na nyumba ya udongo haidumu. Mvua na mchwa vilimaliza kuta. Lakini kwa kuwa maneno yaliandikwa, mtu anayekifungua kitabu kile leo bado anaweza kufundishwa kitu na Bayeye. Linganisheni na Kondoa: kule mwamba umebaki na neno limepotea, huku ukuta umeanguka na neno limebaki. Kipi kimehifadhiwa vizuri zaidi? Mimi nasema ni hiki cha kwetu.

Na haikuishia hapo. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kujenga kanisa lililofuata umbo na alama za nyumba ya mtemi, kisha pakawa na Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa mwaka 1968. Alama za utemi na za vyama vya ngoma, Bagika na Bagaalu, zikapata kuta za kudumu. Mtoto wa Simiyu anayepelekwa Bujora kwa basi la shule anarudi amejua kwamba nyumba ya babu yake ilikuwa na jambo la kusema.

Wengine walivyofanya duniani

Ulimwengu mzima umepitia njia hii. Huko Italia fundi alipaka rangi juu ya chokaa mbichi. Chokaa inapokauka huvuta hewa na kugeuka jiwe, nayo rangi inafungwa ndani ya jiwe hilo. Kwa hiyo fundi alibanwa na muda: kila asubuhi hupigwa lipu ya kipande kile tu atakachoweza kukimaliza siku hiyo. Ndivyo Michelangelo alivyochora dari la Kanisa la Sistine huko Roma kati ya 1508 na 1512, tangu kuumbwa kwa ulimwengu hadi Nuhu. Waumini waliotazama juu hawakuhitaji kusomewa maelezo, kwani visa hivyo walivisikia mimbarini tangu utotoni.

Mexico ilikuwa na hali nyingine. Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, nchi ilijaa watu wasiojua kusoma. Waziri wa elimu, José Vasconcelos, akawapa wachoraji kuta za majengo ya umma. Diego Rivera alichora jengo la wizara hiyo ya elimu kati ya 1923 na 1928, picha zaidi ya 100: wachimba madini, wakulima, walimu wa vijijini, sikukuu. Na kwenye ghorofa ya juu alifanya jambo ambalo napenda mlishike: alizungusha utepe juu ya picha, na ndani ya utepe akaandika maneno ya nyimbo za watu zilizokuwa zikiimbwa barabarani. Aliutia mdomo wa wananchi ndani ya ukuta wenyewe. Sisi watu wa ngoma na waimbaji tunapaswa kulielewa hilo kuliko taifa lolote.

Karibu zaidi, Ethiopia, vita vya Adwa vya mwaka 1896 vilichorwa mara nyingi mno, fundi baada ya fundi, na mpangilio ukawa desturi. Upande mmoja yuko Menelik na majeshi yake, na Malkia Taytu hakosekani. Upande wa pili wapo Waitalia. Juu angani yuko Mtakatifu Giorgis juu ya farasi. Na kuna kanuni ya macho iliyotoka kwenye michoro ya makanisani: mtu mwema huchorwa uso mzima, macho yote mawili, adui huchorwa ubavu, jicho moja. Mtoto asiyejua herufi hata moja anaingia, anahesabu macho, na papo hapo anajua nani ni nani. Hiyo ni sarufi. Mchoro mkubwa unahitaji sarufi kama lugha inavyoihitaji, na sarufi hukubaliwa na watu, haibuniwi na fundi peke yake.

Mtanzania Murang'a, Mkongo Lubumbashi

Nije kwa watu wawili ambao kila mwalimu wa sanaa anapaswa kuwafundisha.

Wa kwanza ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasoma uchoraji Makerere. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ni kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Lakini vilima ni vya Murang'a, watu ni wa Murang'a, na Yesu ni Mwafrika. Fikirini mwaka huo: ukoloni bado upo, majeraha ya vita bado mabichi, na ndugu kwa ndugu wanaogopana. Njau hakuleta kisa kigeni kwa wale watu, wala hakubadilisha neno katika Injili. Alichukua kisa kilichokuwa tayari midomoni mwao akakipandisha ukutani kwa sura zao. Mafiga yote matatu yalikutana mahali pamoja.

Wa pili ni Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, Kongo, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye hakupewa ukuta. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, kila picha takriban sentimeta 40 kwa 70, akiziuza kwa watu wa mjini wazitundike sebuleni. Lakini alijiita mwanahistoria, na miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake, picha 101, tangu enzi za mababu hadi Mobutu. Katika kifo cha Lumumba aliweka misalaba mitatu kwa mbali, ili anayetazama akumbuke Golgotha bila kuambiwa. Ukizipanga picha zile 101 ubavu kwa ubavu, unapata ukuta wa makumi ya mita.

Na jambo kubwa kwetu ni hili: Tshibumba aliieleza kila picha kwa mdomo wake, na Fabian akamrekodi, na lugha ya mazungumzo yale ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini hakuna atakayebishana juu ya picha zake kama wanavyobishana juu ya watu watano wa Kolo. Mwenyewe amesema, kwa lugha yetu, na maneno yamebaki.

Picha iliyoingia kwenye sanduku

Mtauliza: mbona Tanzania tunafahamika kwa picha ndogo? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta kama zile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba wenye upande wa sentimeta 60 hivi. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendeleza kazi hadi jina lake likawa jina la sanaa yenyewe. Ninaiheshimu kazi ile kwa moyo wote. Imelisha familia nyingi na imelitangaza taifa.

Hata hivyo tuseme ukweli. Mnunuzi mkuu alikuwa mgeni anayesafiri, na picha ikabidi iingie kwenye sanduku lake. Ikapungua. Na kadiri ilivyopungua, kisa kilipungua nayo, akabaki chui mmoja mzuri, twiga mmoja mzuri. Mgeni hahitaji msimulizi ili ampende twiga. Ukubwa wa mchoro basi hauhusu rangi nyingi tu. Mchoro mkubwa hauwezi kubebwa; unakaa, na kwa sababu unakaa, unasema na wale wanaokaa. Mchoro wa ukutani ni mali ya wenyeji.

Sikio la bibi

Sasa nirudi Simiyu. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012. Una wilaya tano, shule kila kata, ofisi, stendi, maghala ya pamba, vyama vya msingi vya ushirika. Uwanja wa Nyakabindi ulipokea Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Kuta tunazo kuliko wakati wowote katika historia yetu. Tuchore nini?

Mtu atasema, tuchore Shing'weng'we. Vema. Zimwi lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana akakua, akauliza baba yuko wapi, akaenda akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Fundi yeyote mwenye kipaji atalichora hilo: zimwi kubwa, kijana mwenye kisu, watu wanamiminika.

Lakini mzee akiletwa mbele ya ukuta huo atauliza: sikio la bibi liko wapi? Kwa sababu kisa hakikuishia kwenye ushindi. Masala Kulangwa alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Yule bibi alikasirika, akataka kumdhuru aliyemwokoa, mpaka kijana alipotafuta dawa akamponya. Humo ndimo lilimo fundisho: anayewaokoa watu anaweza kumjeruhi mmoja wao, na hana ruhusa ya kusema “nimekuokoa, nyamaza.” Ni lazima amtafutie dawa. Ukuta usio na sikio la bibi una zimwi, hauna hekima. Na sikio hilo halimo katika kipaji cha fundi. Limo kinywani mwa mzee.

Vilevile tuchore pamba. Tuchore mkulima aliyebeba robota lake akafika kwenye mizani ya mnunuzi, asiamini kipimo alichosomewa. Tuchore wakulima wakiamua kujipimia wenyewe, tuchore vyama vikikua hadi muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955, na Paul Bomani akiwa mbele. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka huo, akikaa pembeni mwa baba yake kwenye foleni ya mizani, sasa amevuka miaka 80. Yeye anajua foleni ilipangwaje, wanawake walisimama wapi, watu waliimba nini. Tumechelewa kiasi gani, hesabuni wenyewe.

Kuhusu kazi ya mikono nitasema kwa ufupi, maana mafundi mko hapa. Lipu mpya ya saruji iachwe wiki nne ikauke kabla ya rangi, la sivyo itabambuka. Ukuta uwe na paa lililotokeza, na futi mbili za chini msiweke kisa, kwa kuwa mvua hurusha tope. Chora kwanza kwenye karatasi, gawa karatasi miraba, gawa na ukuta miraba kwa idadi ileile, kisha hamisha mraba kwa mraba. Kwa njia hiyo darasa zima la kidato cha pili linaweza kuchora ukuta mmoja, kila mtoto na mraba wake.

Lakini kabla ya hayo yote, kwa kila ukuta, naomba mambo matatu. La kwanza, wazee wawili au watatu wasikilizwe, warekodiwe kwa simu, kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, na maneno yao yaandikwe kwenye daftari litakalokaa shuleni au kwenye ofisi ya kata. La pili, mchoro wa karatasi urudi kwa wazee haohao wauone na wauseme, kabla rangi haijagusa ukuta. La tatu, kila mwaka mwanafunzi mmoja afundishwe kisa kizima, asimame mbele ya ukuta na kuwaeleza wenzake, kama mkubwa wa Bayeye alivyowaeleza wanafunzi wake. Kopo la rangi lina bei. Mambo haya matatu yanataka muda tu.

Walimu, mafundi, viongozi wa kata: msianze na brashi. Nendeni kwanza kwa mzee mmoja wa mtaani kwenu mwenye kisa ambacho ninyi hamjui mwisho wake. Ketini naye, mmwache aseme hadi amalize, na mwandike. Ukuta utakuwepo mwakani. Yeye tusimhesabie hivyo.